Kisasi cha Sura Kumi na Mbili

Mimi sisamehi. Nalisema mapema ili msomaji asinitarajie wema nisiokuwa nao. Mtu akinikanyaga kwa bahati mbaya namwambia haidhuru, halafu namkumbuka. Akinikanyaga makusudi, namwandika.

Mchana ule nilikuwa namwandika mtu kwa mara ya mwisho. Sura ya kumi na mbili, ya kufungia hadithi yangu katika gazeti la wiki, ilitakiwa imfikie mhariri kabla ya saa tisa. Saa saba na nusu nilikuwa nimebakisha aya moja tu: polisi wanaingia katika duka la fundi saa mwizi, wanamfunga pingu mbele ya wateja wake, na yule mwanamke aliyetupwa na fundi huyo anapita barabarani, anamtazama, hasimami. Aya hiyo niliibeba moyoni miezi kumi na moja. Sikutaka kuiandika kwa haraka. Nilitaka kuila polepole.

Katika hadithi fundi huyo hana jina, lakini kufikia sura ya tatu mtaa mzima ulikuwa umeshamjua. Nilimpa kovu la kidole gumba cha kushoto. Nilimpa kibao cha buluu juu ya mlango wa duka. Nilimpa na ile tabia ya kumwambia kila mteja "njoo kesho" bila kuinua kichwa, jicho moja likiwa limebana kile kioo chake cha kukuzia. Shangazi yangu, ninayeishi naye, aliisoma akiwa kwenye cherehani yake akacheka mpaka akajichoma sindano.

"Umebakisha kutaja saizi ya kiatu chake," alisema.

"Hiyo iko sura ya saba," nikamjibu.

Kosa lake nalieleza kwa ufupi, maana nikilirefusha nitalia. Nilimpelekea saa ya marehemu baba yangu aitengeneze. Akaniambia njoo kesho. Nikaenda kesho, na kesho kutwa, na mtondo, mpaka nikagundua kwamba saa ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza na yeye alikuwa hataki tu niache kuja. Mwaka mmoja baadaye alinivisha pete. Wiki mbili kabla ya wazee kukutana, dada yake alikuja mlangoni kwetu na bahasha. Ndani mlikuwa na pete yangu mimi niliyomvisha yeye, na saa ya baba, ambayo alikuwa ameichukua kuisafisha. Barua hamna. Neno hamna. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Nikamfungia simu yake asinipate tena, nikaitupa bahasha na vilivyomo ndani kabisa ya sanduku langu, chini ya nguo nisizozivaa, na nikaapa kwamba huyu nitamwandika mpaka amalizike.

Tatizo lilikuwa moja: kuhusu saa sikujua chochote ila kuzitazama. Mwandishi akitaka kumwua mtu kwa kalamu lazima aijue kazi ya mtu huyo ndani nje. Kuwauliza mafundi saa wengine sikuweza, maana wote wanajuana na wangemfikishia. Basi nikaiuliza akili mnemba iliyomo katika kompyuta yangu. Niliipa jina la Mjuzi. Mjuzi hachoki, hanuni, hakuulizi unataka kujua ili iweje. Nilimwuliza maswali mia mbili na zaidi. Fundi saa huamka saa ngapi? Hutumia mafuta gani? Anaweza kumwibiaje mteja asigundue? Mjuzi akajibu yote, kwa adabu na kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa dukani.

Ndipo nikapata wizi wangu. Mjuzi aliniambia kwamba ndani ya saa za kutia ufunguo mna vito vya yakuti, kumi na saba kwa kawaida, na kwamba ndiyo, vinaweza kuwa na thamani. Nikaruka kwenye kiti. Tangu sura ya pili fundi wangu akawa anachomoa yakuti katika saa za wajane na kuzipeleka kwa sonara.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeandika "Polisi walikuwa watatu" nikasikia cherehani imenyamaza sebuleni.

"Shikamoo shangazi," ilisema sauti ambayo nilikuwa nimeizika.

"Marahaba," shangazi akaitika. "Umekuja kuiba nini?"

Nilitoka. Alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, mkononi ana kurasa za gazeti zilizobanwa pamoja. Shangazi alikuwa ameshika ile mikasi yake mikubwa ya kitambaa wala hakuonyesha nia ya kuiweka chini. Nilikuwa nimejiandaa miezi kumi na moja kumwona mtu huyu na kumpita kama simjui. Sikumpita.

"Kalamu," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita.

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

"Usiniite. Kama umekuja kuniomba nisimalize hadithi, mlango ni huo huo ulioingilia."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kusahihisha."

Akaziweka zile kurasa kwenye meza ya kukatia nguo, sura zangu zote kumi na moja, zimejaa alama za penseli kuanzia juu mpaka chini. Mwandishi hata akiwa na hasira namna gani, akiona penseli katika maneno yake lazima asogee. Nilisogea.

"Sura ya kwanza," alisema. "Umesema fundi anapaka mafuta kwenye meno ya magurudumu. Meno hayapakwi mafuta. Yakipakwa yanashika vumbi na saa inasimama. Tunapaka kwenye ncha za mihimili, tone dogo tu. Nani alikufundisha?"

"Nilifanya utafiti."

"Kwa nani?"

"Kwa akili mnemba."

Alichungulia kompyuta yangu kupitia mlango ulioachwa wazi. "Imewahi kushika saa?"

"Haina mikono."

"Nimeona."

Shangazi aliguna. Nilimtazama kwa jicho kali, akarudi kujishughulisha na uzi.

"Na hizi yakuti," akaendelea. "Ni kweli zimo. Zinatengenezwa kiwandani, kila moja ndogo kuliko chembe ya chumvi. Mpelekee sonara gunia zima, atakupa nauli urudi nalo nyumbani. Mwizi wako anakesha kuiba kitu kisichonunulika. Ni mwizi mjinga, Kalamu, na umempa kovu langu."

"Inakuuma?"

"Juzi mzee mmoja amekuja na saa yake, akataka nimhesabie yakuti zake mbele yake. Ziko kumi na saba. Yeye akaziona kumi na sita, kwa sababu moja iko chini ya gurudumu. Akatoka nje kuita watu. Wiki nzima hii nimepokea saa mbili. Moja ni ya mama yangu."

Nilifurahi. Sitadanganya. Furaha ilipanda kutoka tumboni mpaka masikioni, tamu kabisa.

"Lisemwalo lipo," nikamwambia.

"Mjomba ndiye mwenye duka, unamjua. Amesema akiona sura ya mwisho imenifunga pingu, nimrudishie ufunguo mwisho wa mwezi. Hataki duka lake lipigwe mawe." Alisema bila kupandisha sauti. Hilo ndilo lililokuwa likinichukiza kwake siku zote, hapandishi sauti. "Lakini si hilo lililonileta. Ungeandika kwamba nimeua mtu nisingekuja. Nimekuja kwa ajili ya mstari mmoja."

Akafunua sura ya tisa. Mstari ule alikuwa ameuzungushia duara, penseli imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

"'Fundi aliwahadaa wanawake,'" akasoma, "'kwa kuwaambia kwamba kila saa anayoitengeneza huandika kitu ndani yake. Hakuna fundi aandikaye ndani ya saa. Ulikuwa uongo wa kutongozea.' Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani ni tusi tu. Jana nikausoma tena. Hili nalo umeambiwa na hiyo?"

"Ndiyo. Nilimwuliza Mjuzi, akasema hakuna kitu kama hicho."

"Na ukamwamini."

"Kuliko wewe? Mara mia."

Alikaa bila kukaribishwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja wa shangazi, mikono juu ya magoti, na uso wake ukabadilika.

"Basi hukuifungua," akasema.

"Kufungua nini?"

"Saa ya baba yako. Kalamu, iko wapi saa ya baba yako?"

Nilitaka kumwambia nimeiuza. Nilitaka kumwambia nimeitupa chooni. Lakini shangazi alikuwa ameshainuka, na kabla sijafungua mdomo nilisikia sanduku langu likiburutwa chumbani. Akarudi na ile bahasha. Pete ililia ndani yake.

Fundi alitoa mfukoni kisu chake kidogo cha kufungulia saa, kifupi kama kucha, akakipenyeza pembeni mwa mfuniko wa nyuma, akakandamiza kwa gumba lenye kovu. Mfuniko ukatoka kwa mlio mdogo. Hakuutazama. Alinipa, pamoja na kile kioo chake cha jicho.

"Soma mwenyewe. Usije ukasema nimekusomea uongo."

Nilikwenda dirishani. Mwanzoni niliona mng'aro tu. Nikageuza mfuniko kidogo na mikwaruzo ikajitokeza, myembamba, kama iliyoandikwa kwa ncha ya sindano. Juu kabisa palikuwa na herufi mbili na mwaka niliozaliwa. Chini yake herufi nyingine, tarehe nyingine, fundi mwingine. Kisha fundi wa tatu. Watu watatu wameifungua saa ya baba yangu na kila mmoja ametia alama yake kabla ya kuifunga, na baba alitembea nayo mkononi maisha yake yote asijue, au pengine alijua. Chini ya hao watatu palikuwa na mwandiko ninaoufahamu.

*Jumatatu tarehe 10, saa 4, kwa msajili wa ndoa. Nitakuwepo. Njoo.*

Nilisoma mara tatu. Shangazi aliniuliza kuna nini, akaja akaninyang'anya kioo.

"Jumatatu ya lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Bahasha ililetwa Alhamisi. Jumatatu iliyofuata."

"Kwa nini hukupiga simu? Kwa nini hukuja? Binadamu gani anaandika posa ndani ya saa?"

"Mama alikuwa hospitalini na presha. Unakumbuka ile hadithi yako ya mama mkwe anayehesabu nyama chunguni kabla wageni hawajanawa? Mama aliisoma akajiona. Akasema binti huyu ataniandika mpaka kaburini. Akiwa kitandani pale akaniapisha. Sitakupigia, sitakuandikia barua, sitamtuma mtu. Akamwita dada akusanye vitu vyako alete yeye." Alikiweka kile kisu mezani. "Saa si barua. Nilikuwa nimekwisha kukueleza kwamba sisi huandika ndani ya mfuniko. Nikasema, huyu ni mwandishi, anachokonoa kila kitu, ataifungua kabla dada hajafika kona."

"Sisi tunazitazama usoni! Watu wote duniani wanaitazama saa usoni! Ni nyinyi tu mnaozitazama mgongoni!"

"Sasa nimejua."

"Ulikwenda?"

"Nilivaa koti la mjomba. Kuna benchi pale nje ya ofisi ya msajili. Nilikaa tangu saa tatu na nusu. Watu wakaingia wawili wawili, wakatoka. Karani akaniuliza kama nimepotea. Walipofunga milango saa kumi nikasema basi, amesoma, amekataa. Nikapiga simu yako mara moja tu, kiapo kikinishinda. Ulikuwa umenifungia. Akufukuzaye hakwambii toka."

Methali yangu ile ile. Kumbe wakati mimi nalia nayo chumbani, mwenzangu alikuwa akiitafuna kwenye benchi.

Nilikwenda chumbani kwa hasira, nikakaa mbele ya kompyuta. Nilitaka mtu wa kumlaumu na aliyekuwa karibu alikuwa Mjuzi. Nikaandika: *Una uhakika mafundi saa hawaandiki chochote ndani ya saa? Mimi nimeona kwa macho yangu.* Jibu likaja kabla sijashusha mikono. *Samahani kwa mkanganyiko. Uko sahihi kabisa. Mafundi saa wengi wana desturi ya kukwaruza alama ndogo, tarehe au herufi, upande wa ndani wa mfuniko kila wanapoitengeneza saa.*

"Imesemaje?" shangazi akauliza kutoka sebuleni.

"Imeomba radhi."

"Inaomba radhi upesi kuliko wanadamu wa nyumba hii."

Nikarudi nyuma kulitafuta swali langu la mwanzo. Nilitaka nilione vizuri nimtukane Mjuzi kwa ushahidi. Nikalikuta. *Ni uongo, sivyo, mafundi saa wanapowadanganya wanawake kwamba huandika kitu ndani ya saa?* Ndivyo nilivyouliza, kwa maneno hayo. Jibu nilikuwa nimelitia mwenyewe ndani ya swali, nikampa anirudishie. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa siulizi. Nilikuwa natafuta wa kunipigia makofi. Saa yenyewe ilikuwa hatua tano kutoka kwenye kiti nilichokalia, na mtu mwenye majibu yote alikuwa mtaa wa pili, chini ya kibao cha buluu.

Simu ikaita. Saa nane na dakika arobaini. Mhariri.

"Mwandishi wangu! Ukurasa unakusubiri. Pingu tayari?"

Nilimtazama Fundi kupitia mlangoni. Hakunitazama. Alikuwa ameinamia saa ya baba, anaipuliza vumbi taratibu, na nikaona jinsi kola ya shati ilivyomwachia nafasi shingoni. Watu hawakondi hivyo kwa sababu ya wateja peke yao.

"Hakuna pingu," nikasema.

"Hakuna pingu maana yake nini? Wasomaji wanataka pingu!"

"Wavae wao. Nipe dakika ishirini."

"Ukiharibu mwisho huu sikupi hadithi nyingine mwaka huu."

"Usinipe."

Sijawahi kuandika haraka vile. Sikumwuliza Mjuzi hata neno. Niliandika kwamba fundi hakuiba chochote, kwamba yakuti zile hazina bei, kwamba meno ya magurudumu hayapakwi mafuta. Niliandika kwamba yule mwanamke hakutupwa. Alipewa ujumbe, akaufungia sandukuni, kisha akazunguka dunia nzima akimwuliza kila asiyejua, asimwulize yule mmoja anayejua. Nikamaliza kwa kusema kwamba mwongo katika hadithi hii ni msimulizi. Saa tisa kasoro dakika moja nikaituma. Kisasi changu cha miezi kumi na moja, nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na nasema kweli kiliniuma kukiona kinaondoka.

Nilitoka sebuleni. Shangazi alijifanya anatafuta kifungo chini ya meza, nasi tukajifanya tunaamini.

"Nisamehe," nikamwambia Fundi. Neno lile nililitoa kwa shida. Sikuwa na mazoea nalo.

"Hapana," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Hapana, Kalamu. Leo hapana. Wiki kumi na moja umenichoma mbele ya watu. Watoto wa shule wanapita dukani wakiimba wizi wa yakuti. Wewe ukilala ulikuwa unalala na hasira, inakupa joto. Mimi nililala na lile benchi. Unadhani mwenye kisasi ni wewe peke yako?"

Alifunga mfuniko kwa gumba, akaitia saa ya baba yangu katika mfuko wa shati, juu ya moyo, akasimama.

"Unaipeleka wapi? Ni ya baba yangu hiyo!"

"Imekaa bila kutiwa ufunguo muda mrefu. Mafuta yameganda. Inahitaji kusafishwa." Alifika mlangoni, akageuka, na kwa mara ya kwanza mchana ule niliyaona macho yale niliyoyazoea, yale ya kwenye kaunta. "Uifuate dukani. Mchana, watu wakiwepo."

"Lini?"

"Kesho," akasema, akaondoka.

Nilikwenda kesho. Gazeti lilikuwa limetoka asubuhi hiyo na mtaa mzima ulikuwa umelisoma. Watu walisimama vibarazani kunitazama nikivuka barabara kwenda chini ya kibao cha buluu. Ndani, saa za ukutani zilikuwa zikigonga kila moja kwa wakati wake, Fundi ameinama, kioo jichoni. Kwenye kigoda karibu na kaunta alikaa mama yake, mwanamke mnene mwenye mgongo ulionyooka, ambaye kila mchana humletea mwanawe chakula na hangoki mpaka amalize.

"Shikamoo mama," nikasema.

Mama alitazama saa za ukutani, moja baada ya nyingine, zote.

"Nimefuata saa yangu," nikamwambia Fundi. "Iko tayari?"

"Bado," akajibu bila kuinua kichwa. "Njoo kesho."

Kulikuwa na watu wawili nyuma yangu. Mmoja alicheka. Masikio yangu yaliwaka mpaka nyumbani.

Nikaenda kesho yake. Bado. Nikaenda Ijumaa na Jumamosi. Bado, njoo kesho. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi niliinama mbele ya mtaa mzima, kila siku, saa saba ya mchana. Wiki ya pili wateja wakaanza kurudi. Shangazi ndiye aliyenifafanulia: mtu haachi saa ya marehemu baba yake kwa mwizi siku kumi mfululizo. Hata yule mzee wa yakuti alikuja, akasimama pembeni akiniangalia, mwisho akaivua saa yake mkononi akaiweka kaunta bila kusema kitu. Mjomba alinyamazia suala la ufunguo. Na siku ya kumi na nne niliposema shikamoo, mama aliitika "marahaba" kwa sauti ndogo, akiutazama ukuta. Siku hiyo Fundi alikuwa amemweleza habari ya benchi. Nilijua kwa sababu macho ya mama yalikuwa mekundu, na chakula cha mwanawe hakikuguswa.

Siku ya kumi na tisa duka lilikuwa limejaa. Nilisubiri zamu yangu kama mteja yeyote.

"Iko tayari?"

Safari hii aliinua kichwa. Alikitoa kioo jichoni, akaivuta droo, akaiweka saa ya baba kaunta. Ilikuwa inatembea. Pembeni yake akaweka kile kisu kidogo cha kufungulia, akakisukuma kwangu kwa kidole.

Nilikitazama kisu, nikamtazama yeye. Lakini nimeshasema, mimi sisamehi bure.

"Sifungui," nikasema.

"Kalamu."

"Sifungui. Macho yangu yamechoka na mikwaruzo. Ulichoandika humo nisomee wewe."

Alitazama watu. Akamtazama mama yake. Kovu la gumba likaanza kusuguliwa na kidole kingine. "Jumatatu," akanong'ona.

"Sisikii."

"Jumatatu, saa nne."

"Wateja wa nyuma hawajasikia, Fundi. Mimi nilisema ya kwangu gazetini, mtaa mzima ukasoma. Sema ya kwako."

Basi mtu yule ambaye maisha yake yote hajapandisha sauti akasimama nyuma ya kaunta yake, uso umelowa jasho, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa msajili wa ndoa! Nitakuwepo! Njoo!"

Sote tukamgeukia yule aliyekaa kwenye kigoda. Mama alijifuta mkono kwa leso, kidole kimoja kimoja. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukikata.

"Jumatatu ni karibu mno," akasema. "Sina nguo ya kuvaa. Yule shangazi yako bado anashona?"

"Anashona, mama. Na anashona haraka," nikamjibu kwa adabu zote, nikaichukua saa ya baba yangu, nikaivaa. "Ila wewe atakwambia njoo kesho."